Nyuso Zilizoelekea Ukuta

Katika kijiji chao, pale mito miwili ya jangwani inapokutana, Otame alisifiwa kwa maharage. Alipika ndani ya kibuyu, akitumbukiza mawe yaliyowaka mpaka maji yachemke. Mumewe alikuwa mbali kaskazini na wawindaji wa nyati. Nyumbani alibaki na mama mkwe wake, Sibaye, na binti yake mdogo, Luyame.

Mchana ule alikuwa akitoa jiwe kibuyuni alipoona vumbi upande wa kusini. Lilikuwa vumbi la farasi.

Kijiji kikaanza kufanya kilichofanywa tangu enzi za mababu. Mgeni hupokelewa hivi: mali yote ya nyumba hurundikwa katikati ya chumba, iwe yake, nao wenyeji huuelekea ukuta, vichwa chini, nywele zimefunika macho. Lakini msimu uliopita, katika kijiji cha chini ya mto, wapanda farasi wenye ndevu walipokelewa vivyo hivyo. Wakawafunga watu kamba kutoka nyuma na kuwapeleka kwenye machimbo ya fedha. Hakuna aliyerudi.

"Mama, tukimbilie mabondeni," Otame alisema.

"Kwa miguu yangu hii? Au utanibeba kama mtungi?" Sibaye alikuwa ameshazifungua nywele zake. "Kaa chini. Mgeni akiona kisogo chako, anajua umelelewa."

"Wale wa chini nao walilelewa."

"Huenda hawa ni watu wa chumvi, wale wanaokuja kubadilishana bidhaa."

"Watu wa chumvi wanakuja kwa miguu, Mama."

Sibaye aligeukia ukuta, akazishusha nywele zake usoni. Nje, kwato zilikwisha kufika kati ya nyumba na mto. Njia ya kukimbilia ilikuwa imezibwa.

Otame akamlaza Luyame sakafuni katikati ya chumba, penye rundo la mali, akamfunika kwa ngozi za nyati, na juu yake akaweka kapu la mahindi.

"Ukikohoa nakutafuna masikio."

"Nikiwashwa je?"

"Washwa kimyakimya."

Kisha akaketi kando ya mama mkwe wake, uso ukutani. Hapo ndipo alipotambua kosa lake. Rundo lile ni la mgeni. Alikuwa amemficha mwanawe ndani ya zawadi.

Mwanga wa mlangoni ukafifia. Mtu alishuka ngazi za chumba kile kilichochimbwa ardhini, chuma kikigongana miguuni pake. Otame hakuona kitu ila udongo wa ukuta. Alisikia kapu likisukumwa, mahindi yakimwagika, kisha ngozi ya juu ikivutwa.

Desturi njema humlinda mtu. Ile inayomkabidhi mtoto kwa mwizi ni kamba tu, hata kama waliisokota mababu.

Otame akageuka.

"Unatuaibisha," Sibaye alinong'ona ukutani.

Mtu mwenye ndevu alikuwa ameinama, ngozi moja begani, mkono wake ukiishika ya pili. Alishtuka kuona macho mahali alipozoea kuona visogo. Otame akaondoa nywele usoni, akasimama, akamsogelea mpaka akanusa jasho la farasi mwilini mwake. Akamnyooshea mikono yote miwili, viganja juu.

Mtu yule alimtazama, akatazama ngozi, akamtazama tena. Mwanamke mwenye nguvu ana thamani kuliko ngozi. Akaiachia ile ya pili, akaidondosha na ya begani, akafungua kamba kiunoni.

"Mama," Otame alisema alipokuwa akifungwa, kwa sauti ya kawaida kama anayeagiza kuni. "Usigeuke mpaka wafike ng'ambo ya mto. Na huyo mdogo akiomba maji, mwambie asubiri."

"Nimesikia, mwanangu," alisema Sibaye.

Nje walikuwapo wengine waliofungwa, majirani, hakuna aliyemtazama mwenzake. Farasi wakaanza kwenda, kamba ikamvuta. Maji ya kivuko yalimfika magotini. Hakuogopa machimbo bado. Aliogopa sauti moja ndogo nyuma yake, ikiita, naye akatega sikio kwa ajili yake katika kila hatua, mpaka nyumba zikafichwa na kilima, na sauti ile haikuja.