Maji Aliyopuliza Shangazi

Baba alikufa nikiwa darasa la pili, asubuhi, akitapika damu kwenye beseni tulilokuwa tukiogea. Tumbo lake lilikuwa limevimba kwa miaka, lakini kijijini kwetu, huku ufukweni mwa ziwa, wanaume wengi walikuwa na matumbo ya namna hiyo na hakuna aliyeyashangaa. Damu ndiyo iliyowatisha watu. Damu nyingi kiasi kile, walisema, haitoki bila mkono wa mtu.

Baada ya maziko, baba zangu wadogo walileta mganga. Alipasua kuku, akatazama ndani kwa muda mrefu, akasema mhusika ni mwanamke wa ukoo aliyemlisha marehemu mara ya mwisho. Wakaniita mimi, kwa kuwa ndiye niliyeshinda na baba. Nikasema shangazi alimletea uji. Hiyo ilikuwa kweli. Halafu nikaongeza, "Alitia kitu." Hakuna aliyenisukuma. Wanaume wazima walikuwa wameinama kunisikiliza mimi, mtoto ambaye hata kuulizwa kama nimeshiba sikuwahi kuulizwa, na nilitaka waendelee kuinama.

Shangazi alikuwa dada pekee wa baba, kazi yake kukausha samaki. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi, na kwetu macho hayo peke yake yalikuwa ushahidi tosha wa uchawi. Walimpa mpaka jua kuzama awe ameondoka. Nyumba yake waliiezua akiwa bado anafunga vitu vyake. Alinipita amejitwisha sufuria, hakuniangalia.

Nimeishi na ile sauti yangu ya utotoni kwa karibu miaka arobaini. Nafanya kazi kiwandani Nyakato, napasua sangara, na kuna siku kisu kikiwa ndani ya samaki naisikia kabisa, nyembamba na yenye uhakika: alitia kitu. Mashine zinanguruma na bado naisikia. Naichukia kuliko ninavyomchukia mtu yeyote aliye hai.

Mwaka juzi kaka yangu, anayeishi Buswelu, naye akatapika damu. Tulimfikisha hospitali hajitambui. Wakamwongezea damu, kisha wakampitisha mdomoni mpira mwembamba wenye kamera. Daktari, msichana wa umri wa binti yangu, aliniita nione kwenye skrini. Mishipa kwenye njia ya chakula ilikuwa imevimba na kujikunja kama nyungunyungu wa chambo kwenye kopo. Akaniambia hicho ni kichocho, ambacho watu wa huku tunakipata ziwani tangu utoto. Ini hukakamaa, damu ikakosa njia, ikarudi juu mpaka mishipa ikapasuka. Alikuwa ameifunga kwa vimpira vidogo, mmoja baada ya mwingine. Lakini kufunga mara moja hakutoshi, alisema. Wanaotafiti ugonjwa huu wanalisisitiza sana hilo. Mgonjwa anatakiwa kurudi kila baada ya wiki chache mpaka mishipa iishe yote. Asiporudi, inaweza kupasuka tena, na safari hiyo huenda asifike hospitali.

Nikamuuliza kama na baba alikuwa na ugonjwa huo. Akasema hawezi kuapa kwa mtu ambaye hakumpima, lakini kwa tumbo lile na damu ile, yeye asingetafuta kwingine. Akanipa picha ya mishipa ya kaka. Nilikwenda kukaa kwenye benchi la nje, picha ile mkononi, mpaka mlinzi aliponiuliza kama nami naumwa.

Kaka akagoma kurudi. Ni mzee wa kanisa, anaongoza maombi kila Alhamisi, lakini yule kuku wa mganga alikuwa bado yumo kichwani mwake.

"Hata wakifunga mia," aliniambia, "aliyefungua bado yupo."

Alimaanisha shangazi. Bila shangazi kumwachilia, hapandi tena kitanda kile cha hospitali. Nilimwonyesha picha. Akasema daktari ameona jeraha, hajaona aliyelitia. Nikamwambia kwamba nilidanganya kuhusu uji. Akasema nikiwa mtoto nilikuwa mkweli, ila sasa nimejazwa maneno na madaktari. Nilimfokea, sifichi, mpaka mkewe akafunga dirisha ili majirani wasisikie. Zilikuwa zimebaki siku tisa kufika tarehe yake ya kurudi.

Ndipo nikaenda Kigongo. Nilikuwa nimesikia miaka mingi kwamba shangazi anaishi huko, na miaka yote hiyo sikwenda. Alikuwa akikaanga dagaa karibu na gati la kivuko, mahali palipopoa tangu magari yaanze kupita darajani. Kule hakuna aliyejua kwa nini alihama kwao. Walimwita bibi, wakala dagaa zake, basi.

Nikapiga magoti, nikasema shikamoo. Aliitikia marahaba kabla hajanitambua, na aliponitambua hakuifuta. Nilimweleza yote: kichocho, mishipa, baba, kisha maneno yangu mbele ya wanaume. Aliendelea kugeuza dagaa.

"Ilikuwa chumvi," akasema. "Baba yako hakupenda uji wa sukari."

Nililia. Yeye hakulia. Aliniuliza kaka anataka nini, nikamwambia kwa aibu: anataka uje umpulizie maji na useme umemwachia. Nilijua ninachomwomba. Mtu hawezi kuachia asichokishika. Akija na kupuliza, amekiri.

"Akienda hospitali atapona?"

Nikasema daktari anasema wengi huendelea kuishi, wakirudi kila wanapoitwa.

"Basi nitakuja."

Alikuja Jumamosi asubuhi. Baba wadogo waliobaki walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki uani kwa kaka, na hakuna aliyempa kiti. Aliomba kikombe cha maji. Akayajaza mdomoni, akampulizia kaka usoni na kifuani, kisha akasema, "Nilichokushika nacho nimekiachia. Jumatatu nenda hospitali." Wazee wakaitikia kwa vichwa kama watu walioshinda kesi. Picha ilikuwa kwenye mkoba wangu. Ningeweza kuitoa, nikasema mbele yao wote kwamba mwongo ni mimi. Nilimtazama kaka, maji yakimchuruzika kidevuni, nikaona kwa mara ya kwanza tangu augue kwamba haogopi. Nikaiacha picha mkobani. Nilimsindikiza shangazi mpaka barabarani.

Jumatatu kaka alikwenda. Alirudi tena na tena kila alipoitwa, akifunga kula tangu jana yake kama alivyoagizwa, na mwisho daktari akasema mishipa imelala, sasa ni ya kuangaliwa kila mwaka. Amenenepa. Anamweleza kila mtu, hata kanisani, jinsi mchawi wake alivyokuja mwenyewe na kumwachilia. Mimi nimekaa benchi la tatu, nasikiliza. Nikimng'oa kwenye imani hiyo, je, mwakani atapanda kitanda? Sijui, na sithubutu kujaribu.

Maneno husafiri haraka kuliko kivuko kile cha zamani. Nilipokwenda Kigongo mwezi uliopita nilimkuta shangazi amekaa, karai limefunikwa, hakuna moto. Watoto waliokuwa wakipita walihamia upande wa pili wa njia. Nikauliza kama anaumwa.

"Hawanunui tena," akasema.

Nikamwambia nitakwenda nyumba kwa nyumba, nitawaeleza. Akanishika mkono, akauliza kaka anatakiwa hospitali lini. Nikasema mwezi wa tatu.

"Akikataa kwenda," akasema, "njoo unichukue tena."