Wodi Iliyotazama Barabara Kuu

Iko siku moja haijanitoka mpaka leo, mwanangu, na kila ikinijia nasikia damu inachemka upya, ingawa nywele zangu zimeshakuwa nyeupe na daktari ameniambia nipunguze hasira. Hasira hii siipunguzi. Kaa nikusimulie, kwa sababu umechagua kazi niliyoifanya mimi, na nisingependa uingie humo kwa furaha tupu.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoingia Songea. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa sabuni na redio, mitumba ikamwagwa sokoni, na kila mwenye gari na mkoba akafungua kampuni. Mimi nilikuwa msichana, nimetoka chuo cha ufundi na cheti cha kuchora ramani za majengo. Nikaajiriwa na Bwana Fedinandi. Huyu alikuwa msanifu majengo kutoka Dar es Salaam, aliyepanga vyumba viwili pale Mjimwema akatundika kibao cha buluu mlangoni.

Sitamsingizia, kazi yake aliijua. Zaidi ya ramani, alikuwa na kitu ambacho sisi huku hatukukizoea: picha ya rangi ya jengo ambalo bado halijachimbwa hata msingi. Unaliona limesimama, madirisha yanameta, watu wanapita mbele yake, anga safi juu. Yeye alichora mistari, mimi nikatia rangi za maji. Nikaweka miti, nikaweka magari, nikaweka akina mama wenye khanga nzuri. Wateja walikuwa wakiziona picha zile wanashika vinywa.

Basi ikaja kazi ya wodi ya wazazi. Kulikuwa na zahanati ndogo nje kidogo ya mji, upande wa kwenda Matogoro, ambayo sitaitaja jina. Wafadhili walikuwa wamekubali kuijengea wodi mpya, wanawake wasijifungulie tena kwenye chumba kimoja na wagonjwa wa malaria. Wananchi waliunda kamati ya ujenzi, na mwenyekiti wake alikuwa Mzee Kristofa, mkulima, mtu mzima mwenye sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia.

Kiwanja kilikuwa mlimani. Chini kulikuwa na barabara kuu, juu kulikuwa na njia nyingine iliyotokea mashambani na kuungana na barabara kuu mbele kidogo, na katikati ni mteremko mkali wa udongo mwekundu. Bwana Fedinandi aliamua wodi itazame chini, kwenye barabara kuu. Iwe na nguzo mbele na ngazi pana ndefu za kupanda kutoka barabarani mpaka mlangoni, kama benki ya mjini. Upande wa juu, ambako mtu angeweza kuingia kwa miguu bila kupanda chochote, akaweka stoo na ukuta mtupu.

Nilitumwa kiwanjani kuhakiki vipimo. Ilikuwa masika, mvua ilikuwa imetoka kukatika, na njia ya kutoka barabarani kwenda zahanati ilikuwa utelezi. Nikiwa nimeshika tepu yangu nikamwona mwanamke mjamzito ameketi katikati ya mteremko, matopeni kabisa, ameinamisha kichwa. Mama mkwe wake alikuwa amesimama kando, mkono mmoja una beseni la nguo, mwingine umemshika bega.

"Mwanangu," yule mama akaniambia, "nisaidie. Uchungu umemkamata hapa hapa na hawezi tena kunyanyua mguu."

Nikatupa tepu. Tukamwinua. Alikuwa anaitwa Zainabu, wametoka upande wa Namtumbo kwa lori la tumbaku, likawashusha barabarani. Kila tukipanda kidogo anasimama, ananing'ang'ania shingo, halafu ananiuliza, "Dada, bado mbali?" Mlango wa zahanati tulikuwa tunauona. Nikawa namjibu si mbali, si mbali, na mimi mwenyewe nateleza. Tulipofika mkunga akampokea, na sikukaa kusubiri. Niliokota tepu yangu nikarudi ofisini na matope mpaka magotini.

Nikamwambia Bwana Fedinandi nilichokiona. Nikamwomba tuligeuze jengo, mlango uwe juu.

Hakuinua hata kichwa. "Huko juu nani ataliona? Wageni wakipita barabarani waone nini, ukuta wa stoo?"

"Lakini wagonjwa watapandaje ngazi zote zile?"

"Kuna machela. Watabebwa." Kisha akaniambia jambo ambalo ndilo hasa lililonichoma. "Wewe binti husomi upepo. Wodi hii ndiyo itakayotupa kazi ya jengo la ofisi za serikali. Wakubwa wakiliona hili wanatuita. Nenda katie rangi. Punguza huo mteremko uonekane bustani, weka maua pande zote mbili za ngazi, na watu wawe wanatabasamu."

Wanatabasamu! Mtu ameshikwa na uchungu, amelowa, ameketi matopeni, halafu mimi nimchore anatabasamu kati ya maua ambayo hakuna mtu atakayeyapanda! Nilitaka kulia, machozi yakakataa. Wodi ya akina mama ilikuwa imegeuzwa tangazo la biashara ya mtu, na wenyewe akina mama hawajui.

Na wangejuaje? Hapo ndipo ubaya ulipo, mwanangu. Ule mteremko ulikuwamo kwenye ramani, hakuufuta. Ulikuwamo kwa mistari myembamba iliyopindapinda, ambayo mimi na wewe tunajua inaonyesha mwinuko. Mkulima wa Matogoro atajulia wapi? Yeye ataangalia picha ya rangi, ataona ngazi fupi na maua, atapiga makofi. Kisha mkewe ndiye atakayezipanda.

Nilitia rangi kama nilivyoamriwa. Jumamosi mchana, ofisi ilipofungwa, nikachukua karatasi nyingine ya ukubwa ule ule nikaketi kwenye meza ile ile. Nikalichora jengo lile lile, nguzo zile zile, kwa vipimo vyake vya kweli. Mteremko nikauacha ulivyo. Ngazi nikazichora zote. Anga nikaipaka rangi ya mvua ya masika. Na katikati ya ngazi nikamweka mwanamke mjamzito ameketi, mama mkwe kamshika bega, beseni la nguo limewekwa kando. Sikuongeza chumvi hata kidogo. Hasira yangu yote niliiweka kwenye usahihi.

Siku ya mkutano kamati ilikusanyika uwanjani pale pale zahanati, pamoja na wananchi na wagonjwa waliotaka kusikiliza. Bwana Fedinandi alivaa suti. Akaitundika picha yake kwenye ubao, watu wakashangilia, na bibi mmoja akapiga vigelegele. Alipomaliza kueleza akaniashiria nitoe karatasi za ramani. Nikafungua bomba la karatasi, nikatoa picha ya pili, nikaibandika kando ya ile ya kwanza. Pini moja ikanidondoka.

Watu wakasogea kutazama.

"Hii ni nini?" Bwana Fedinandi akauliza kwa sauti ndogo, meno yamebana.

"Ni jengo lile lile," nikajibu kwa sauti ya kusikika. "Hivi ndivyo litakavyokuwa likishajengwa. Ile ya kwanza mteremko umepunguzwa. Mlango ungewekwa upande wa juu, asingekuwapo wa kupanda ngazi."

Mjumbe mmoja akafoka, "Binti, kaa chini! Wafadhili wakisikia tunabishana watapeleka msaada kwingine. Tupewe wodi na wewe unachagua mlango?" Wengine wakaanza kumuunga mkono, na nilijua nimekwisha.

Ndipo mwanamke mmoja akajitokeza kutoka kwenye kibaraza cha zahanati, kitoto kimefungwa mgongoni. Alikuja kukipimisha uzito. Akasogea mpaka mbele ya picha, akaitazama, akaweka kidole pale katikati ya ngazi.

"Huyu ni mimi," Zainabu akasema. "Na hilo ni beseni la mkwe wangu." Akatugeukia. "Mimi niliketi kwenye udongo. Kwa hiyo mnataka kunijengea saruji ya kuketi?"

Bwana Fedinandi akacheka kidogo. "Mama, hiyo ni picha tu."

Mzee Kristofa akasimama. Alichukua muda wake kusimama. "Kama hiyo ni picha tu, bwana, basi na yako ni picha tu. Mbona yako ulitaka tuiamini?" Kisha akanigeukia mimi. "Nani amechora hii ya mvua?"

"Mimi, baba."

"Na ile ya maua, rangi nani ametia?"

Sikutegemea swali hilo. "Mimi pia."

"Mkono huo huo," akasema. "Leo umetuletea zote mbili, tunakushukuru. Lakini huko nyuma umewapelekea watu wangapi ile ya maua peke yake? Usinijibu mimi. Jijibu mwenyewe." Halafu akawageukia wanakamati, na sauti yake ya chini ikawa kali kuliko kelele. "Na nyinyi mnaomwambia akae chini! Tumekuwa ombaomba kiasi kwamba tukipewa nyumba hatuwezi kusema mlango uwe wapi? Wanaoingia humo ni wake zetu. Mlango utakuwa juu."

Walibishana sana, lakini neno lake ndilo lililosimama. Wafadhili walipoelezwa hawakupeleka msaada kwingine. Waliuliza tu kwa nini haikuwa hivyo tangu mwanzo. Wodi ikageuzwa, nguzo zikaondolewa, na likajengwa jengo la kawaida lisilomshangaza mtu yeyote apitaye barabarani. Gari la wagonjwa linafika mlangoni. Mjamzito anaingia kwa miguu yake.

Usidhani nilibebwa mabegani. Siku ile ile Bwana Fedinandi alinifukuza kazi, pale pale kando ya gari lake, akaondoka akaniacha nirudi mjini kwa miguu. Nilizunguka ofisi nyingine zote za mji, nikaambiwa hawataki mwanamke wa kuwaumbua mbele ya wateja. Nikalima mahindi na mama yangu mpaka parokia moja iliponiita niwachoree madarasa. Yeye je? Alipata jengo lake la ofisi, mkoa mwingine, na nimewahi kulifikia. Lina ngazi pana na nguzo. Nimewaona wazee wanaofuatilia mafao yao wakizipanda wameshikilia ukuta, na bwana mmoja mwenye magongo ameketi chini kabisa akisubiri mtu ampelekee karatasi zake ghorofani. Hakuna aliyebandika picha ya pili katika mkutano wa jengo lile. Sasa niambie, kwa nini nisikasirike?

Swali la Mzee Kristofa nililijibu kwa miaka yote iliyofuata, kazini, kwa kutompelekea tena mtu yeyote ile ya maua peke yake. Naye alishatangulia, Mungu ampumzishe.

Sasa wewe unachora kwa kompyuta. Nimeziona picha zako, zinang'aa kiasi kwamba mtu anaweza kudhani ni nyumba iliyokwisha kujengwa, na ndiyo maana naogopa. Sisi tulidanganya kwa brashi. Nyinyi mnaweza kudanganya vizuri zaidi. Kwa hiyo nisikilize. Usichore hospitali bila kwenda kiwanjani siku ya mvua. Usichore ofisi ya watu wote bila kujiuliza yule asiyeweza kupanda ngazi ataingilia wapi. Ukimchora mtu ndani ya picha yako, awe mtu unayemjua ana shida gani, asiwe pambo la kujaza nafasi. Mwenye ardhi asiyejua kusoma ramani ana haki ya kuonyeshwa mteremko wake kama ulivyo, na aliyempa picha ya uongo amemwibia, hata kama jengo lenyewe ni zuri. Bosi wako akikuambia uufute mteremko, kataa. Ukifukuzwa, njoo kwangu. Chakula kipo, na meza ya kuchorea ipo.

Hasira yako usiiogope, lakini usiitumie kutukana watu. Itie kwenye kazi, ikufanye uwe sahihi zaidi.

Haya, nenda. Mungu akupe macho ya kumwona anayepanda kwa shida, na akupe moyo usiouzwa. Milango utakayochora iwe karibu na watu, na siku utakapozeeka uweze kupita mbele ya kila jengo lako bila kugeuza uso. Nimekubariki, mwanangu.