Mlango wa Kushoto

Harufu ya mafuta ya sangara ikinipata popote, hata leo, mikono yangu inaanza kutafuta kitambaa. Ni harufu nzito, ya jikoni na ya mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, na kwa watu wengi wa Musoma ni harufu ya chakula tu. Kwangu ni harufu ya pikapu ya Babu, ya majuma manne kabla ya Krismasi nilipokuwa na miaka tisa, na ya kosa nililolinyamazia kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Pikapu yenyewe ilikuwa Pijo ya zamani, ya bluu iliyoelekea kijani, ambayo Babu aliinunua enzi zile pamba ilipokuwa pamba. Alipochoka kuendesha, alimpa Baba, mwanawe mkubwa, tuliyeishi naye Nyasho, hapo Musoma. Baba hakubeba pamba. Alibeba dagaa kutoka Mugango akawapeleka sokoni Kiabakari na Bunda, na kwa kazi hiyo tulikula, tukavaa na tukasoma. Lakini magunia ya dagaa ambao hawajakauka vizuri huvuja, na mwaka hadi mwaka rangi ilipauka, kutu ikaanza kuchungulia pembeni. Maneno yakamfikia Babu huko Butiama kwamba gari lake linanuka. Babu alikuwa mtu wa ng'ombe na pamba, na samaki kwake alikuwa mzigo wa aibu, aliokwisha kumkataza Baba. Akatuma ujumbe mfupi: Krismasi aletewe pikapu aikague. Akiikuta inang'aa na hainuki, Baba aendelee nayo. La sivyo inakwenda kwa Baba Mdogo, Bunda, ambaye angalau alikuwa analima pamba.

Tangu siku ile nyumbani kwetu hapakukalika. Mama alisugua sehemu ya mizigo kwa majivu na ndimu, asubuhi na jioni, mpaka vidole vikamchubuka. Baba alikuwa akiinuka katikati ya chakula kwenda kuangalia gari, anarudi, anakula tonge mbili, anainuka tena. Jirani yetu, Majura, fundi wa rangi, ndiye aliyemkataza kupaka rangi mpya. Alisema Babu angejua mara moja kwamba gari limefunikwa tu, na kwamba rangi ya zamani haijafa, imelala chini ya ngozi iliyochakaa. Akatupa kopo bapa la dawa nzito yenye chengachenga laini, akatuonyesha namna ya kusugua kwa kuzungusha mkono, kidogo kidogo, na kuhama. Rangi imebaki nyembamba, alituonya, ukingang'ania mahali pamoja utakutana na bati.

Niliomba mlango wa kushoto uwe wangu, na Baba akanipa, nadhani kwa sababu hakuwa na mikono ya kutosha. Kwanza yalitoka maziwa ya kijivu kwenye kitambaa, kisha, ghafla, bluu. Sijui nieleze vipi furaha ile. Ilikuwa kama kumwosha uso mtu uliyedhani ni mzee ukakuta ni kijana. Baba mwenyewe alikuja akasimama nyuma yangu, akaguna kwa kuridhika, na wiki nzima nilitembea shuleni kifua mbele. Ubaya ni kwamba sikuwa mtoto wa kutulia. Wakati Baba na Majura wanahama kwa mpangilio kutoka bonneti hadi mabawa ya juu ya magurudumu, mimi nilirudi palepale kila siku, chini ya kitasa, nikitaka pang'ae kuliko kote. Asubuhi ya safari, watu wote wakiwa ndani wanavaa, nikaona bluu inakuwa nyeupe, nyeupe inakuwa kijivu, na kijivu haikuondoka. Nilikuwa nimefika kwenye bati. Doa lilikuwa na ukubwa wa kiganja changu.

Nilichofanya baadaye angekifanya mtoto yeyote wa kwetu. Kwa Mama kulikuwa na chupa ya mafuta ya sangara, na mafuta yale tulipaka kila kitu: bawaba, viatu, hata miguu wakati wa kiangazi. Nikayamwaga kwenye kitambaa, nikapaka doa. Likawa jeusi, likafifia. Pembeni yake rangi ikang'aa ajabu, basi nikapaka mlango wote. Hakuna aliyesikia harufu. Pua zetu zilikuwa zimeshazoea, sangara kwetu hakunuka tena. Tukapanda, tukaenda.

Mpaka Makutano kulikuwa na lami na Baba alikuwa akiimba. Tulipoiacha lami, vumbi jekundu lilipanda pande zote, likapeperuka kwenye bonneti na kwenye mabawa, ila kwenye mlango wangu lilinata. Nilichungulia dirishani, nikaona linavyojaa, na sikufungua mdomo. Tulifika Butiama na gari la bluu lenye mlango mmoja wa matope.

Babu alikuwa ameshaanza kufunikwa macho na mtoto wa jicho, hivyo alikagua kwa kiganja. Alianzia upande wa dereva, taratibu, akapita mbele, na uso wake ulikuwa unalainika. Baba alimfuata hatua moja nyuma. Kiganja kikafika mlango wa kushoto, kikasimama. Babu akakiinua, akakinusa.

"Huu mlango umepakwa sangara," alisema. "Nani kapaka?"

Nilikuwa nyuma ya Baba. Nilijua kwamba ni zamu yangu kusema.

"Ni mimi, baba," Baba akasema.

"Na samaki nilikukatazaga."

Babu akajifuta mkono kwenye koti, akaagiza Baba Mdogo apewe funguo. Tulirudi Musoma kwa basi, na mwaka mpya ukamkuta Baba akienda Mugango kwa baiskeli, na gunia moja nyuma. Alikwenda hivyo miaka mingi. Kila nilipomwona anashuka kilima amelowa jasho, neno lilinipanda hadi kooni, kisha likashuka. Babu alifariki bila kuambiwa.

Mwaka jana nilikwenda Bunda kumwomba Baba Mdogo mabaki ya pikapu ile. Ilikuwa imeliwa na kutu, sakafuni unaona majani, mabawa yanameguka kwa kidole. Mlango wa kushoto tu ndio ulikuwa mzima. Fundi niliyekwenda naye aliugonga kwa ngumi, hakuamini. Baba Mdogo akacheka.

"Huo ni wa baba yako," alisema. "Kila Krismasi alikuwa anakujaga na kachupa kake ka mafuta ya sangara, anaupaka, anafuta, anaondoka. Nikamuuliza, akasema alishasema ni yeye kapaka, basi acha iwe ni yeye kweli."

Nilipewa mabaki hayo, na njia nzima hadi Musoma sikuweza kukaa vizuri kwenye kiti.

Siku hizi kazi hii ni ya mashine. Kijana wa gereji alikata mabati mapya, akapuliza rangi, na kufikia mchana wa siku ya tatu gari liling'aa hata ukaweza kujitazamia ukichana nywele. Lilipendeza, siwezi kudanganya, ingawa bluu yake si ile. Mlango nilimkataza kuugusa. Niliulaza juu ya viti viwili uani, Baba akaletewa kigoda, tukaanza kusugua, yeye upande wa bawaba, mimi upande wa kitasa. Mkono wake siku hizi unatetemeka, lakini bado unazunguka na kuhama kama alivyofundishwa na Majura. Lile doa lilikuwepo, jeusi, ukubwa wa kiganja cha mtoto.

"Baba," nikasema, "huu mlango niliupaka mimi."

Hakuacha kusugua. "Najua. Chupa ya mama yako uliirudisha bila kizibo."

Nikamuuliza kwa nini basi alisema ni yeye, wakati alijua tunapoteza gari.

"Ulikuwa umenishika suruali kwa nyuma," akasema. "Unatetemeka."

Sikuweza kumwangalia. Niliinama nikaendelea na kazi, machozi yakidondoka kwenye bati, mkono ukienda na kurudi juu ya doa lilelile, mpaka aliponyoosha wake akanishika kiwiko.

"Hama, mwanangu," akasema. "Usisugue mahali pamoja."