Hodi kwa Barua Pepe

Mradi mmoja ulileta kompyuta mbili Kibiti, zikawekwa kwenye chumba kando ya barabara kuu. Wastaafu tukaombwa kujitolea: watu wa mbali waulize kwa barua pepe, nasi tujibu. Mimi, bwana shamba wa zamani, nilijibu ya mpunga. Kwenye kompyuta ya pili aliketi mkunga mstaafu, aliyezalisha wanawake huko deltani, Mbwera, miaka mingi, akiwafuata wajawazito kwa mtumbwi. Alichapa kwa kidole kimoja.

Zamu zetu zilikuwa Jumatatu na Alhamisi. Alhamisi moja nilimkuta ameikunjia uso skrini.

"Huyu binti hana adabu," alisema. "Tangu Jumatatu nimembishia hodi, kimya."

"Kakuuliza nini?"

"Soma mwenyewe, bwana shamba. Au hiyo miwani ya urembo?"

Nikasoma. Muuguzi kijana wa huko kusini aliandika bila salamu: mjamzito wake, uzazi uliopita, alivuja damu akaponea chupuchupu. Sasa siku zimetimia, na mamamkwe anashikilia ajifungulie nyumbani. Afanyeje? Chini yake, jibu la mwenzangu: "Hodi hapo, mwanangu. Hujambo? Wa nyumbani hawajambo?" Basi.

Nikamgeukia.

"Hukumpa jibu?"

"Nitaingiaje kwenye mambo ya watu sijakaribishwa?"

"Mama, huku hakuna mlango! Yeye naye anakungoja wewe. Siku ya nne leo!"

Kidole chake kikaanza kugonga, akikosea, akifuta, mpaka nikamwomba aseme, niandike mimi.

"Asibishane na mamamkwe. Amwombe mama huyo ampeleke mkwewe hospitali yeye mwenyewe, kanga za uzazi abebe yeye, akae naye mpaka mwisho. Akipewa kazi hatakataa."

Nikatuma.

Jumatatu iliyofuata tulikuta majibu. Uchungu ulimshika mwanamke yule Jumanne, siku moja tu baada ya muuguzi kuuliza, akajifungulia nyumbani. Damu haikukatika, alifia kwenye trekta njiani kwenda hospitali. Ushauri wetu ulimfikia muuguzi siku moja baada ya mazishi.

Nilisoma kwa sauti, nikashindwa kugeuka kumtazama mwenzangu. Mstari wa mwisho ulisema mtoto yu hai, mamamkwe anamnywesha uji.

"Uji?" Nilisikia kiti chake kikianguka. "Mtoto wa siku sita, uji?"

Alinisukuma kwa bega, akaivuta kibodi, akaanza kuandika bila hodi.