Jimbo la Wasiopiga Kura

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilifika kwenye ofisi ya mbunge pale Kaberebere nikiwa na viatu vya kuazima vilivyonibana kweli kweli. Mheshimiwa alinitazama miguu kwanza, kisha uso.

"Wewe nasoma Swahili wapi?"

"Baraki ya Mbarara, sir. Baba yangu ni sajini."

"Hiyo ni ya kuamrisha watu!" Akacheka. "Haidhuru. Nakivale, kambi ya wakimbizi, iko ndani ya jimbo yangu, na mimi sijui kuongea na wao."

Ndivyo nilivyokuwa katibu wa jimbo. Vijana wa leo mnadhani kazi hii ni kujibu simu. Jimbo la uchaguzi ni eneo linalochagua mbunge mmoja, na yeye akiwa Kampala, katibu ndiye masikio yake. Ukisikia vibaya wewe, Bunge zima litasikia vibaya.

Mtihani wangu ulikuja Rubondo, mtaa mmojawapo wa Nakivale. Pampu ya kisima ilikuwa imeharibika, akina mama wakawa wanachota maji ya bwawani, na watoto wakaharisha hadi wengine wakalazwa hospitali ya Ruharo. Madiwani walimwonya mheshimiwa kwamba wakimbizi hawapigi kura, asijisumbue. Akaenda hata hivyo. Alihutubia kwa Runyankore, lugha yake, akasema atawatetea bungeni watu wa eneo lake, nami nikatafsiri: "Atasemea watu wa jimbo bungeni."

Vigelegele vikapaa. Mama Furaha, mkulima aliyekimbia kutoka Kivu ya Kusini, akasimama akilia kwa furaha.

"Aksanti, mheshimiwa! Tutarudia siku gani?"

"Kurudi wapi, mama?" nikamuuliza.

"Si amesema jimbo? Jimbo yetu ni Kivu."

Kwao Kongo, jimbo ni mkoa. Walisikia kwamba Kivu itasemewa bungeni, wakadhani amani imepatikana na safari ya nyumbani imefika. Ikabidi niwaeleze, na uchungu wa maneno yale ninao mpaka leo.

Mama Furaha akaketi. "Basi sisi hatuna jimbo. Kule tulikimbia, na huku hatupigi kura."

Mheshimiwa akataka kujua amesema nini. Nikamwambia yote. Akavua kofia, kisha akaniambia kwa Runyankore, "Waambie hivi: anayekunywa maji ya hapa ni mtu wa jimbo langu."

Akapeleka hoja ya pampu bungeni, yaani jambo la kujadiliwa na kuamuliwa, akaisimamia mpaka pampu mpya ikaja.

Kampeni zilipoanza, wapinzani wakamwita mbunge wa wakimbizi. Jina likamng'ang'ania kama kupe, akaanguka. Nilikasirika sana, maana hata wenyeji waliochota kwenye pampu ile walimnyima kura.

Kabla ya kukabidhi ofisi, aliniomba nimsindikize Rubondo kuaga. Mama Furaha alimletea maji kwenye kikombe cha plastiki, akampa kwa mikono miwili.

"Hatukukuwa na kura ya kukupa, depite yetu. Kunywa."

Depite kwao ni mbunge. Mheshimiwa akanywa yote. Siku hiyo hakuhutubia.

Nilitumikia wabunge wengine wawili hadi nilipostaafu. Walikuwa watu wazuri, tena walishinda kwa kura nyingi. Lakini kila nikipita Rubondo naulizwa habari za mmoja tu, na wanaouliza ni watu ambao hawajawahi kumpigia kura hata siku moja.

"Depite yetu eko muzima?"