Kisanduku cha Jina la Mkwe

Tusajigwe alikuwa amepanga chumba kimoja Bondeni, mjini Kyela, na humo ndimo alimofanyia kazi aliyojifunza chuo cha ufundi: kutengeneza fomu za tovuti. Kila fomu aliijaza mwenyewe kwanza, kwa kuwa hakuwa na mwenzake wa kumjaribia. Zilikuwapo siku ambazo mtu pekee aliyezungumza naye alikuwa muuza vocha.

Fomu ya chama cha wakulima wa kakao ndiyo iliyomkosesha raha. Wanaume walijisajili kupata miche. Wanawake wa Ipyana walifika katikati, wakaacha.

"Dada, wanawake wasipoonekana hadi Ijumaa, tunarudi kwenye karatasi," alisema Hezroni, katibu wa chama. "Na wewe tutakushukuru, uende zako."

Tusajigwe akaenda Ipyana, akaketi kimya kando ya Jubilate, mama mkulima aliyekubali kutazamwa akijaza. Jubilate aliandika jina, kijiji, idadi ya mikakao. Alipofika kwenye kisanduku cha mwenye shamba, akaiweka simu mkekani.

"Kuna tatizo?"

"Shamba ni la baba mkwe."

"Basi andika jina lake."

Jubilate akacheka, mkono mdomoni. "We binti wa wapi? Nimtaje baba mkwe? Akipita njiani tu najificha migombani!"

"Kuandika si kutamka."

"Nitaandikaje bila kulisema moyoni? Hujaolewa wewe, ndiyo maana."

Tusajigwe alikuwa Mnyakyusa. Mila hiyo ya mke kutolitaja jina la baba mkwe aliijua tangu utotoni. Ilimpita kwa sababu fomu aliijaribu peke yake, naye hakuwa na mkwe.

Aliporudi chumbani alikiondoa kisanduku hicho, akauliza badala yake shamba liko wapi na linapakana na nini. Kisha akakitazama kilichofuata: jina la mtu wa karibu. Hakikuruhusu kuachwa wazi. Katika majaribio yote alikuwa amekijaza jina la kubuni. Akakifanya cha hiari, akaijaribu fomu upya, akakiacha kitupu. Ikapokelewa.

Alhamisi asubuhi maombi ya Jubilate yaliingia, kisha ya jirani zake, yakifuatana.

"Ndaga, asante sana, dada!" Hezroni alipiga simu. "Karatasi tumezifungia kabatini." Akakata.

Tusajigwe alibaki ameishika simu, ana habari njema na hana wa kumsimulia. Akayafungua maombi ya Jubilate. Kwenye mtu wa karibu, mahali pa jina moja, alikuwa amebana majina manne, la mwisho likakatika katikati.

Akakirefusha kisanduku.