Tanuru la Bugwema na Matanki ya Dizeli

Siku niliyoripoti kazini Musoma nilivaa viatu vya visigino. Mkubwa wangu wa kwanza, Mhifadhi wa Mambo ya Kale, aliviangalia, akatabasamu, kisha akanipeleka nyuma ya ofisi kwenye kreti lililojaa vigae, yaani vipande vya vyungu vya zamani.

"Binti Magesa," alisema, "kigae ukikitoa ardhini bila kujua kilikuwa kwenye kina gani na kando ya nini, umebaki na chungu kilichovunjika tu. Kesho njoo na viatu vya shamba."

Miaka ile ilikuwa ya shida. Sabuni na sukari vilipatikana kwa foleni, na Landrova ya ofisi ilikaa juu ya matofali hadi kuku wa jirani wakaanza kutagia ndani. Nyegina nilikwenda kwa baiskeli. Bunda na Butiama nilidandia malori ya pamba. Katika safari hizo nilijifunza kusoma tabaka, mistari ya rangi inayoonekana ukutani mwa shimo, ambapo udongo wa chini kwa kawaida ndio wa kale zaidi. Nilijifunza pia kuomba maji ya kunywa kwa lugha tofauti, maana mkoani Mara kila bonde lina yake.

Kisha milango ya biashara ilifunguliwa, na miradi ikarudi. Mmoja ulitaka kujenga Bugwema kituo cha kuhifadhia dizeli kwa ajili ya pampu za umwagiliaji na mashine za kusaga. Kabla ya ujenzi, eneo lilipaswa kukaguliwa kama lina mabaki ya kale. Kwa hiyo ofisi yetu, isiyokuwa na dizeli hata ya kuwashia kibatari, ikanituma mimi, nikipewa lifti na Mhandisi wa Mradi mwenyewe.

Alikuwa mtu wa haraka lakini si mkorofi. Tulipofika kwenye kilima kidogo alichokichagua, aliniuliza, "Itachukua muda gani?"

"Inategemea ardhi, Mhandisi."

Nikaanza kuchimba mashimo ya majaribio, madogo ya mraba, yaliyopangwa kwa mstari kukatisha eneo. Ya kwanza yalikuwa matupu. Lililofuata lilinitolea mavi ya chuma, yale mabonge meusi mazito yanayobaki mawe ya chuma yakiyeyushwa. Chini yake nikakuta mirija ya udongo iliyoungua, ya kupitishia upepo wa mivukuto, na mwisho kitako cha tanuru, kimetulia kama kilivyoachwa. Nilipiga magoti nikasahau hata jua. Hapo watu walipika chuma, na hakuna aliyekuwa amepavuruga.

Mhandisi alichungulia, akasema, "Ni kizuri. Lakini kilima hiki ndicho chenye mwamba. Kwingine kote ni udongo wa mbuga, mvua ikinyesha unavimba, kiangazi unapasuka. Nikiweka matanki kule, yatapasuka nayo."

Habari zikaenea. Jioni hiyo Mwenyekiti wa Kijiji, Mzee Mafuru, aliitisha mkutano. Aliongea akinitazama mimi.

"Binti yetu, mashine ya kusaga imelala tangu masika. Wake zetu wanatwangaga mpaka mikono inatoka malengelenge. Sasa unatuambia mafuta yasije sababu ya mavi ya chuma?"

Watu walicheka, ila si kwa furaha. Mama yangu mwenyewe alikuwa na malengelenge hayo hayo. Nikasema, "Baba, sijasema mafuta yasije. Naomba tutafute mwamba mwingine. Tukishalibomoa tanuru hili, hakuna atakayeweza kulirudisha."

Mwamba mwingine tuliupata, Mhandisi na mimi, tukigongagonga ardhi kwa mtaimbo. Ulikuwa karibu na barabara, katikati ya muhogo wa Bibi Nyangoma, mjane aliyeishi peke yake.

"Miradi ikija, shamba langu tu ndilo linaonekana," alitujibu, akaendelea kupalilia.

Sikumbembeleza. Nilishika jembe nikapalilia naye. Baada ya kitambo akauliza nilichokuta kilimani, nikampeleka akaone. Alisimama ukingoni mwa shimo akaiangalia mirija.

"Mama yangu aliolewaga kwa mahari ya majembe," alisema. "Majembe ya kufuliwa huku huku, hayakutoka dukani. Nilikuwa nafikiri ni hadithi tu za wazee."

Siku iliyofuata alikwenda mwenyewe kwa Mwenyekiti na masharti yake: apewe shamba la kijiji lenye ukubwa uleule, bondeni, karibu na maji, na muhogo wake ung'olewe usiharibike. Mzee Mafuru alikubali mbele ya watu. Asubuhi walikuja wengi kuliko nilivyotarajia, na Mhandisi akiwa amekunja suruali, tukang'oa muhogo wote na kumbebea hadi nyumbani.

Matanki yalijengwa pale. Mashine ilipowashwa, wanawake walipiga vigelegele hadi sauti ya injini ikamezwa, na Bibi Nyangoma alikuwa wa kwanza kusaga. Tanuru tulilipima, tukalichora, tukalifukia taratibu, kwa sababu ardhi hutunza vizuri kuliko kabati la ofisi. Kuanzia hapo Mhandisi alinitafuta kabla hajachora ramani yoyote.

Nimestaafu sasa, magoti yananikumbusha kila shimo. Ninyi vijana mnaoingia kazini, fikeni mapema, mtu akiwa bado na nafasi ya kuchagua kwingine. Ukifika tingatinga likiwa limewashwa, utaonekana adui wa maendeleo hata ukiwa na haki.

Juzi nilipita njia ya Murangi, wanataka kujenga nyumba ya betri za umeme wa jua. Nilikuta mashimo ya mraba yameshachimbwa, na binti mmoja amepiga magoti ndani ya moja, brashi mkononi, huku mafundi wakimsubiri wakinywa uji. Sikumfahamu. Nilimsalimia, akaitikia bila kuinua kichwa, maana alikuwa amekuta kitu.